Nyumbu Walihesabiwa: Mhadhara juu ya Filamu Zilizopigwa Kwetu

Mhadhara huu ulitolewa Musoma mbele ya walimu, wanafunzi na wananchi. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.



Niliombwa nizungumzie "filamu na jamii". Mada hiyo ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kusinzia ndani yake asigundulike, kwa hiyo nimeipunguza kwa idhini ya Mwenyekiti. Nitasema juu ya filamu chache za aina mbalimbali: za wanyama, za kufundisha, za makala, za mapenzi, za mapigano. Nyingine zimepigwa mkoani kwetu, nyingine kwenye ziwa hili ambalo upepo wake mnausikia madirishani.

Kusudi langu ni kuwashawishi kwamba swali la kwanza la kuiuliza filamu ni hili: mtu wa mahali palipopigwa picha amepewa nafasi gani ya kujibu? Umahiri wa waigizaji, mwanga, sauti na muziki vinafuata. Nitavigusa, maana filamu yenye nia njema na sauti mbovu bado ni filamu mbovu. Nitakuwa na upendeleo wangu pia. Anayetaka mizani iliyo sawa aende mwaloni Mwigobero, ingawa hata huko waulizeni kwanza wauza dagaa.

Hoja ya kwanza: Serengeti isiyo na watu imetengenezwa na kamera

Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu ya Kijerumani iitwayo Serengeti darf nicht sterben. Yeye na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kufuatilia njia za nyumbu. Januari mwaka huo ndege ilianguka, Michael akafa, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka uliofuata filamu hiyo ikashinda Oscar ya filamu za makala.

Nianze kwa kuisifu, maana inastahili. Kuhesabu wanyama ni kazi ya kuchosha, na Grzimek aliigeuza kuwa kisa. Unakaa kitini ukisubiri jumla kama mtu anayesubiri matokeo ya uchaguzi. Na jumla ilipokuja, ilizidi wanyama 360,000.

Watu hawakuhesabiwa. Wamasai wanaonekana, na ng'ombe wao wanazungumzwa kama tatizo. Watu wa upande huu wa magharibi wanaingia kwa mlango mwingine kabisa, ule wa mitego ya waya na nyama iliyokaushwa: ni majangili. Waikoma, Wanata, Waikizu, Wangoreme, ambao mababu zao walichoma nyasi kwa majira, wakalima, wakawinda na kuzika wafu wao humo, hawana hata sentensi moja wanayoisema wenyewe. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Sisemi filamu ndiyo iliyowahamisha. Uamuzi huo ulikuwa wa serikali ya kikoloni na ulikuwa na historia yake. Nasema kwamba aliyeketi Frankfurt akaiona mbuga ile ikiwa haina wenyewe hakuwa na sababu ya kuuliza kuhusu kuhama kwa mtu yeyote.

Hesabu hiyo ya nyumbu bila watu imeendelea. Mfululizo wa Serengeti uliotoka mwaka 2019 ulipigwa eneo la Grumeti, yaani jirani ya mashamba ya watu wa Bunda na wilaya ya Serengeti. Mpiga picha amefanya maajabu: yuko karibu na simba hadi unaona nzi puani. Lakini wanyama wamepewa majina na visa vya tamthilia. Simba jike Kali ametengwa na ukoo wake kwa sababu ya watoto; nyani Bakari ana majonzi ya mapenzi. Yaani nyani kapewa moyo, jina na wasifu, na mama wa Kunzugu ambaye tembo wamemaliza mahindi yake usiku hayumo hata kwa mbali. Ningeomba nusu tu ya huruma aliyopata Bakari.

Hatari! ya Howard Hawks naitaja kwa ufupi. John Wayne na wenzake wanakamata wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani. Ilipigwa upande wa Arusha na Momella kati ya mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, ikatoka 1962. Mbio za gari na kifaru ni za kweli, vumbi ni la kweli, na nikiiona inaonyeshwa siondoki. Lakini kati ya kupigwa kwake na kutoka kwake nchi ilipata uhuru, na huwezi kulijua hilo kwa kuitazama. Waafrika wanashika kamba na kufungua milango ya vizimba.

Hoja ya pili: Filamu hujibiwa kwa filamu

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa Darwin's Nightmare mwaka 2004. Aliipiga Mwanza na visiwani, kuhusu sangara: samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wa aina nyingi wakatoweka, akaleta viwanda vya minofu Mwanza na hapa Musoma, na kusafirishwa Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo. Ilishinda tuzo ya Ulaya ya filamu za makala mwaka huo huo, ikapata César ya Ufaransa, ikateuliwa kuwania Oscar. Wengi humu ndani wanaichukia. Walioitazama ni wachache zaidi.

Basi niwaeleze kilichomo. Inaanza kwenye mnara wa kuongozea ndege. Mwongozaji ndege anahangaika na mdudu kiooni huku ndege inakaribia; anampiga, anamkosa, anampiga tena. Hakuna msimulizi wa kukwambia kitu. Baadaye tunakutana na mlinzi wa usiku wa taasisi ya uvuvi, ana upinde na mishale ya sumu, anaeleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba vita ikija kazi zitapatikana, jeshi litaajiri. Hajifichi wala haigizi. Tunaona mapanki yakianikwa kwenye vichanja, mabuu yakitambaa, na mama anayesema na kamera akiwa katikati ya moshi na matope. Ninyi mlioko hapa mnajua mapanki ni nini: mgongo na kichwa kilichobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka. Picha zile hazikuchorwa. Aliyesema nchi imesingiziwa mapanki hajafika wanakoyaanika.

Sasa ubaya wake, na ni mkubwa. Sauper anawauliza marubani, tena na tena, ndege inakuja na nini kabla ya kubeba samaki. Wanajibu kwamba inakuja tupu. Anauliza tena. Swali lililorudiwa mara nyingi linaanza kusikika kama jibu. Karibu na mwisho rubani mmoja anasimulia kwa uchungu safari iliyopeleka zana za kivita Angola na kurudi na zabibu kwa ajili ya Ulaya. Ni ushuhuda mzito, nami namwamini. Lakini ni wa Angola. Hakuna sanduku lililofunguliwa Mwanza mbele ya kamera. Uhariri umefanya kazi ambayo ushahidi haukuifanya, na mtazamaji wa Vienna anatoka ukumbini akiamini kila mnofu umelipiwa kwa bunduki.

Kosa la pili linaniuma zaidi kama mtu wa ziwa. Katika filamu nzima karibu hakuna anayeishi maisha ya kawaida. Hakuna mvuvi anayegombana na tajiri wake juu ya bei na kushinda. Hakuna mama mwenye mtaji wa dagaa anayesomesha watoto. Watu wake wana macho ya kutazamia na vidonda vya kutazamwa, basi. Sauper amewapa nafasi ya kusema, hilo namkubalia. Lakini amewachagua wale tu ambao maneno yao yanaishia alikotaka yeye yaishie.

Na sisi tulijibu vipi? Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani, Bunge likaizungumzia, Mwanza kukawa na maandamano. Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia. Sauper alimshitaki kwa kumchafulia jina, akashinda. Kwetu hasira ikamwangukia hata Mtanzania aliyeonekana ndani yake akizungumza. Tulikuwa na hotuba, tulikuwa na mabango. Filamu hatukuwa nayo. Kulikuwa na watu wa ziwa ambao wangeweza kupewa kamera ili waonyeshe mialo yao, deni lao, sangara wao, na kumsahihisha Sauper pale alipokosea na kumkiri pale alipopatia. Badala yake tukawaambia raia wakichukie kitu ambacho hawakuonyeshwa.

Kuna mtu ataninong'oneza: na Tanzania: The Royal Tour ya mwaka 2022 je? Ile ndiyo nchi ikijibu kwa kamera. Nakubali kiasi. Rais Samia ndiye anayemtembeza mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg. Mwenyeji anaongoza njia na mgeni anafuata, na hilo ni badiliko la kweli ukilinganisha na John Wayne. Kama tangazo la utalii limefanya kazi yake. Kama filamu, ni mahojiano ambayo hakuna swali linalomsumbua anayeulizwa, na wananchi wamerudi tena nyuma ya picha wakicheza ngoma.

Hoja ya tatu: Tumehubiriwa kisa kimoja na serikali mbili na wafadhili

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri milimani Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la filamu kwa ajili ya Waafrika chini ya Meja Notcutt. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kusini yake. Ziko za safura, ziko za ngozi za mifugo. Moja ilihusu Benki ya Posta: vibarua wawili wamepata pesa, mmoja anazifukia ardhini, mwizi anamwona, mwingine anaweka benki. Mnajua nani anacheka mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, na shujaa wake aliigizwa na kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mtu wa shamba anakwenda Dar es Salaam, wajanja wa mjini wanamwibia. Kawawa ana uso unaopendwa na kamera, na siasa ilitunyang'anya mwigizaji. Miaka ya 1970 Kampuni ya Filamu Tanzania ikatoa Fimbo ya Mnyonge: kijana anahangaika mjini, wokovu wake uko kwenye kijiji cha ujamaa. Mkoloni kaondoka, chama kimeshika, lakini kisa hakikubadilishwa injini. Mtu wa kijijini ni mjinga mpaka afundishwe, na anayefundisha ndiye aliyelipia filamu. Baadaye wakaja wafadhili na filamu za malaria, kondomu na mbegu bora, nao wakapanda gari lile lile.

Ipo moja iliyopigwa kwetu ambayo naitenga: In the Name of Your Daughter ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018. Inafuata wasichana wanaokimbia nyumbani msimu wa ukeketaji wa Desemba na kupokelewa kwenye nyumba salama ya Mugumu, kwa Rhobi Samwelly. Wazee wangu, najua mada hii inawafanya wengine wakohoe. Lakini tazameni ilivyojengwa. Mwongozaji ni mgeni kutoka Canada, ila anayesema, anayebishana, anayepanda gari kumfuata msichana ni mtu wa Mara; polisi wa dawati la jinsia ni wa hapa; msichana anayekataa ni wa hapa. Hakuna mjinga anayesubiri kufundishwa na Ulaya. Ugomvi ni wetu kwa wetu, na kamera imekaa pembeni kuusikiliza. Ningetaka mzee wa mila apewe muda mrefu zaidi wa kusema hoja yake hadi mwisho, hata kama ni hoja nitakayoipinga. Pamoja na hayo, kati ya zote nilizotaja leo zilizopigwa mkoani hapa, hii ndiyo ningeibeba moto ukiwaka.

Na Bongo muvi? Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, alijua kunyamaza mbele ya kamera, jambo ambalo waigizaji wengi hawajalijua mpaka sasa. Filamu zilizomzunguka zilimwangusha: jumba la kukodi, sofa jeupe, gari linaloegeshwa polepole mpaka ukasirike, jina la Kiingereza, na kisa cha saa moja kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili tununue mara mbili. Kamera haivuki Chalinze. Ukitaka kumwona Mkurya humo, mtafute getini. Ni mlinzi au askari, ana hasira, na lafudhi yake ndiyo kichekesho chenyewe. Mnacheka, nami huwa nacheka. Lakini Grzimek alituona majangili, na ndugu zetu watengeneza filamu wa Sinza wametuona walinzi wa geti, na sioni kwamba tumepandishwa cheo sana.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wenu wa kidato cha tano na sita mmeisoma. Inaonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa rangi ambazo sijawahi kuziona katika filamu ya Kitanzania, na wahusika wake hawamsubiri mtu yeyote awaokoe. Malalamiko yangu ni kwamba imependa uzuri wake kupita kiasi. Kuna nyakati siasa ya mhusika Denge inafukizwa udi, na hofu ya kukamatwa inapungua kila kivuli kinapozidi kupendeza. Hata hivyo nabishana nayo kama ninavyobishana na mtu mzima mwenzangu. Hilo ni jambo geni na la kufurahisha.

Hoja ya nne: Mhakiki wetu wa kwanza yuko kibandani

Wasomi wanalalamika kwamba hatuna uhakiki wa filamu. Tunao. Ingieni kibanda umiza chochote cha video Bunda siku ya mnada. Mtafsiri ana kipaza sauti mkononi na rimoti kwenye goti. Adui anapoingia, anapunguza sauti ya Kiingereza na kumtambulisha kwa jina la kikwetu na mtaa anakotoka. Steringi akifanya ujinga, anasimamisha picha na kumkaripia, halafu ukumbi unamsaidia. Mtu anasema, "Risasi zile mbona haziishi?" Mwingine anajibu kwamba ni za serikali. Arnold Schwarzenegger wa Commando, filamu ya 1985, ameulizwa maswali hapa ambayo Hollywood haikuwahi kumuuliza.

Kazi hii ilipata sifa Dar es Salaam kwa Lufufu, yaani Kapteni Mukandala. Kenya yuko DJ Afro. Uganda iko mila nzima ya ma-VJ. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana, ya mwaka 2010, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akiisifu na kuitania papo hapo. Ondoa sauti hiyo na filamu inabaki nusu. Wakenya wameliona hilo katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ambamo mtafsiri wa ukumbi wa video ni mhusika kamili, na kijiji kizima kinapiga filamu kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Inaliza bila kukuomba ulie. Katika filamu za kizazi hiki za Afrika Mashariki sijaona inayoipita.

Nguvu ya kibanda ni kwamba filamu haiwezi kumaliza kusema bila kukatizwa. Titanic ilitoka 1997. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza na mamia ya watu wetu ndani yake. Nani wa Kanda ya Ziwa aliitazama Titanic kama filamu ya mapenzi? Tulitazama mageti ya abiria wa daraja la tatu. Huyo kijana na mpenzi wake juu ya meli walikuwa wanatuchelewesha. Na uhakiki huo, kwamba James Cameron alikuwa na filamu kubwa ya watu wa chini akaipunguza kwa ajili ya busu, mimi sikuusoma kwenye gazeti lolote.

Kinachokosekana ni kalamu. Maneno ya kibandani yanaishia kibandani umeme ukikatika.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo badala ya hitimisho. Shule za sekondari za Musoma, Bunda na Butiama zina projekta. Nyingi zimefunikwa kitambaa zikisubiri mgeni rasmi. Mara moja kwa mwezi zionyeshe filamu moja kati ya hizi, na wanafunzi waandike ukurasa mmoja kila mtu, kwa Kiswahili, wa kuigombeza au kuitetea. Tumwalike mtafsiri wa kibanda aje kufundisha, na alipwe kama tunavyomlipa mhadhiri. Vijana wenye simu nzuri waanze na kisa kilicho karibu: mwalo mmoja usiku wa dagaa, taa za sola majini, nani anamiliki mtumbwi, nani anamiliki deni. Mwaka 1934 mtoto wa chifu wa Wazanaki alitembea kutoka Butiama kuja kuanza shule Mwisenge, hapa mjini. Nami bado sijaona filamu ya kuigiza juu ya safari hiyo. Tusimsubiri Mjerumani.

Baada ya chai tutaonyesha Darwin's Nightmare yote, bila kukata. Kuna jenereta nje endapo umeme utatuchezea. Mtafsiri wetu ametoka Bunda, ameketi pale karibu na mlango, na nimemwomba aisimamishe filamu mtu yeyote atakaponyoosha mkono. Walio nyuma sogeeni mbele.